Masikio ya Baba na Barua ya Watu Wote

Mimi ni mwepesi wa hasira, na wanaonijua watakuambia hivyo kabla hujauliza. Lakini kosa la Pasaka ile silikubali hata leo. Niliandika ukweli mtupu kwa Kiswahili cha kawaida, nikaupeleka kwa watu wazima wenye akili zao, nao wakausoma wakaamua kwamba baba yangu amekufa. Sasa hapo mwenye kosa ni nani?

Afadhali nianze na bati, kwa sababu bati ndilo lililoleta yote.

Baba alikuwa fundi wa masanduku pale Kibuye, Kisumu, yale masanduku ya bati ambayo mtoto alibeba akienda shule ya bweni. Miaka ya themanini hukuweza kuingia kidato cha kwanza bila sanduku, na mengi ya upande wetu wa ziwa yalitoka mikononi mwake. Alikaa kibandani na mafundi wenzake, kila mmoja na nyundo yake, wakigonga tangu asubuhi mpaka jioni. Ukipita hapo ulilazimika kuongea kwa mikono. Mama alimpelekea pamba za kuziba masikio, akazitumia kufutia grisi. "Sikio la kufa halisikii dawa," Mama alimwambia, naye akacheka, maana wakati huo alisikia kila kitu.

Na kweli alisikia. Sanduku likiisha alilifunga, akagonga kifuniko kwa kidole kimoja, akainamisha kichwa. Mlio usipompendeza alilifungua na kunyoosha upande mmoja upya. Wateja waliokuwa na haraka walidhani ni maringo tu.

Sikio hilohilo ndilo lililotupa bendi. Kanisa letu lilikuwa na vyombo vya shaba vilivyoachwa na wageni waliorudi kwao zamani. Vilikuwa stoo, vimebonyea na kutoboka, na mama wa usafi alianika matambara yake juu ya tuba. Baba aliviomba. Akavinyoosha kwa nyundo ya mti, akaziba matundu kwa lehemu, kisha akapuliza kimoja kimoja mpaka akajua kila sauti inakaa wapi. Hakujua kusoma muziki. Wimbo wa redioni aliusikia mara mbili, na mara ya tatu alikuwa anaupuliza mwenyewe huku Mama akimwomba apunguze.

Watoto wa mtaa tulijazana mlangoni, naye akachagua sita. Hapa sitaki kumtaja mtu kwa jina, na wala sihitaji, kwa sababu Baba mwenyewe hakutuita kwa majina. Alituita kwa vyombo vyetu: Tuba, Tromboni, Tarumbeta ya Kwanza, Tarumbeta ya Pili, Ngoma Kubwa, na mimi binti yake, Matoazi. Alisema mtoto mwenye hasira ni heri apewe vitu viwili agonganishe. Tulipiga kwenye harusi, kwenye Jumapili ya Matawi, na kwenye matanga mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, maana kwetu mtu hazikwi kimya.

Tarumbeta ya Pili alikuwa na ugonjwa mmoja. Alichelewa. Kila ubeti wa pili ulipoanza, yeye aliingia nyuma ya wenzake kidogo, kama mtu aliyekuwa anafunga kamba za viatu. Baba alimpigia kelele katikati ya wimbo, "Pili! Umechelewa!" na hakujali kama mbele yetu kuna bibi harusi au jeneza. Waumini walizoea, na wengine walikuwa wakisubiri kuisikia hiyo kelele.

Vijana walipoanza kumaliza shule na kuondoka, Baba aliweka sheria. Chombo ni cha bendi, kinabaki. Lakini kile kipande cha kupulizia kinachochomoka, tulichokiita mdomo, kila mtu aende na wake. "Chombo bila mdomo ni bomba tu," alisema. "Mkitaka kupiga tena mtalazimika kuonana." Ngoma Kubwa, asiyekuwa na mdomo, alipewa rungu lake la kupigia. Matoazi hayana kipande cha kutoa, kwa hiyo mimi nilibaki nayo yote, na nikabaki nyumbani pia. Baba alitengeneza sanduku la bati kwa kila chombo. La tuba lilikuwa kubwa mpaka tukaliweka sebuleni, tukawa tunakalisha wageni juu yake.

Miaka ya tisini iliwatawanya. Tuba alipata kazi ya ofisini Nairobi. Tromboni alikwenda Ghuba kufanya kazi hotelini. Tarumbeta ya Kwanza alikuwa mwalimu Bondo, Tarumbeta ya Pili alikuwa kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu Kampala, na Ngoma Kubwa aliuza viazi vitamu sokoni Sondu. Mara moja moja kadi ya Krismasi ilifika. Baadaye hata kadi ziliacha kuja.

Na Baba akaanza kuitikia maswali ambayo hayakuulizwa. Mama anamwambia maji yamechemka, yeye anajibu kwamba wageni wakae tu. Mwanzoni tulicheka. Kisha siku moja nilimpitia Kibuye nikamkuta amefunga sanduku, anagonga kifuniko kwa kidole, anagonga tena, anagonga kwa ngumi, na kichwa kimeinama kabisa mpaka sikio limegusa bati. Alipoinuka akaniona, akafanya kama anatafuta msumari chini. Niliumia sana siku ile, na sikumwambia.

Daktari alisema nyundo za miaka mingi zimeyamaliza masikio, na kwamba kilichobaki kitakwisha chote, labda ndani ya mwaka. Jumapili iliyofuata, kwaya ikiimba, Baba akaniinamia akasema kwa sauti ambayo yeye alidhani ni ya kunong'ona, na kanisa zima likasikia: "Naona midomo tu inafunguka. Ningewasikia wale watoto wangu pamoja mara moja tu, ningetosheka."

Ndiyo hiyo tu aliyoitaka. Vyombo vilikuwa chini ya kitanda, na tuba sebuleni, tayari, kila kimoja kwenye sanduku lake. Midomo ilikuwa imesambaa nchi tatu.

Wakati huo nilikuwa nachapa barua kwenye ofisi moja ya juu ya duka la vipuri vya baiskeli, karibu na stendi ya mabasi. Tulikuwa na mashine ya kutoa nakala, faksi, na kompyuta mbili, na mojawapo ilikuwa imeunganishwa na simu. Mwenye ofisi, ambaye wote tulimwita Madam, alikuwa amenunua barua pepe. Anwani ilikuwa moja kwa kila mteja. Ukitaka kumwandikia mtoto wako ng'ambo, unakuja, unaniambia, nachapa. Saa sita na jioni Madam anakaa mwenyewe mbele ya mashine, anavua saa ya mkononi anaiweka mezani ili dakika zisimtoroke, anapiga simu. Modemu inalia kama paka wawili ndani ya gunia. Barua zinatoka, nyingine zinaingia, nazichapa kwenye karatasi na kuziweka kwenye visanduku vya ukutani mpaka wenyewe waje.

Baba alikuja siku moja kuyaona maajabu hayo. Madam akapiga simu, modemu ikaanza vurugu lake, wateja wote wakaziba masikio. Baba akasimama ametabasamu kwa adabu, mikono nyuma. Baada ya muda akaniuliza, "Imeanza?"

Wiki hiyohiyo iliingia barua kutoka Ghuba kwenda kwa mama mmoja muuza samaki. Nilikuwa naichapa bila kusoma, kama tulivyofundishwa, mpaka macho yakagonga mstari wa mwisho: "Na ukimwona Mzee wa masanduku mwambie mdomo wangu bado ninao." Nilipiga kelele mpaka Madam akafikiri nimenaswa na umeme. Alikuwa Tromboni. Nikamjibu hapohapo: "Anayemchapia mama yako barua hizi ni Matoazi. Mzee anakaribia kuwa kiziwi. Wengine wako wapi?"

Tromboni alikuwa na anwani ya Tuba. Tuba alikuwa na anwani ya Tarumbeta ya Pili, kwa sababu waliwahi kugombana kwa barua na ugomvi huhifadhi anwani. Ndani ya majuma mawili tulikuwa watu wanne kwenye mstari mmoja, na chochote nilichoandika kilifika Nairobi, Kampala na Ghuba kwa mlio mmoja wa modemu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Miaka sita hatukuweza hata kukubaliana nani amwandikie nani, na sasa Tuba akitania asubuhi, jioni watu wa nchi tatu wamemjibu. Wawili wasiokuwa na mashine niliwaunganisha kwa karatasi. Ya Bondo niliiweka kwenye kisanduku, Tarumbeta ya Kwanza aliipitia kila mwisho wa mwezi. Ya Sondu niliwapa akina mama wa viazi waliorudi na magunia matupu, na jibu la Ngoma Kubwa likaja ndani ya gunia lililojaa. Ilinibidi nikung'ute udongo kabla ya kulichapa.

Tukaunda kamati. Wakenya sita hawawezi kukaa mahali pamoja bila kamati, hata kama mahali penyewe ni hewani. Tuba akawa mwenyekiti kwa kujichagua. Na hapo kazi ikasimama, kwa sababu kila mmoja akapata maoni. Tupige wimbo gani? Nani aanze? Tarumbeta ya Kwanza aliandika kurasa mbili kuonyesha kwamba Tarumbeta ya Pili aliharibu harusi fulani miaka kumi nyuma, na kwa kuwa barua ilikwenda kwa wote, wote walijibu. Tarehe ilisogezwa kutoka Agosti hadi Desemba, kutoka Desemba hadi "tutaangalia." Tromboni aliomba likizo, bosi wake akakataa. Tuba alisema mwaka ujao ndio utakuwa mzuri zaidi.

Mwaka ujao! Machi ilipofika Baba alikuwa hasikii tena jogoo. Nilikaa mbele ya mashine ile nimekasirika, nikaandika hivi:

"Kwa wote. Masikio ya Baba yanaziba. Daktari amesema si siku nyingi. Acheni maneno, njooni nyumbani. Jumamosi ya Pasaka, kule kijijini. Kila mtu aje na mdomo wake. Mama msimpigie simu, na Baba mwenyewe hajui. Tafadhali msikose."

Sasa nisikilize. Kwetu kifo hakitangazwi kwa mtu aliye mbali. Nani atamwambia mtu aliye peke yake ugenini kwamba baba yake amekufa, aanguke barabarani? Anaambiwa mzee ana kichwa kidogo, aje. Anaambiwa mguu umevimba. Naye anaelewa, anafunga mzigo, analilia ndani ya basi, akifika anakuta turubai uani. Kila mtu anaijua lugha hii. Mimi pia naijua. Nilichosahau ni kwamba mtu akishaijua, huwezi tena kumwambia ugonjwa wa kweli akauamini.

Majibu yalikuja siku ileile. Miezi mingapi nilibembeleza, na sasa wote waliafiki kwa mstari mmoja mmoja! Tuba: "Tumepokea. Jikaze dada." Tromboni: "Nimepewa likizo leoleo. Nakuja." Tarumbeta ya Pili, kutoka Kampala: "Mzee alikuwa mtu mkubwa sana kwangu." Nilimsomea Madam kwa majivuno, nikamwonyesha jinsi ukali unavyofanya kazi. Hilo neno "alikuwa" nililiona, nikasema huyu naye Kiswahili kimeanza kumtoka.

Alhamisi kabla ya Pasaka iliingia barua kutoka kwa mtu wa Nairobi ambaye simjui kabisa. Alisema amepata habari kupitia kwa mwenyekiti, kwamba watu wa nyumbani wanaoishi Nairobi wamekutana mara mbili, basi limepatikana, fahali atanunuliwa Sondu, na je, mwili uko chumba gani cha maiti?

Niliisoma mara tatu. Madam akaja akaisoma juu ya bega langu.

"Yawa," akasema. "Kwani Mzee amekufa na wewe uko kazini?"

"Madam, Mzee asubuhi amekunywa chai vikombe viwili!"

Nikaandika haraka kwa wote, na kwa huyo mgeni pia: "Baba yuko hai. Ni masikio tu, kama nilivyosema. Yuko mzima kabisa." Madam akapiga simu nje ya saa zake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jibu la Tuba lilirudi jioni: "Tumeelewa dada. Usijisumbue kutueleza. Wewe tulia, mambo yote utuachie."

Nikageuka kumtazama Madam. Alikuwa ameketi, ameshika kidevu.

"Hata mimi ungeniandikia hivyo," alisema, "ningeanza kutafuta leso ya kulilia."

Kufikia hapo Tuba alikuwa ameshaondoka ofisini kwake. Tromboni alikuwa angani. Maji yakimwagika hayazoleki. Ijumaa nikapakia masanduku ya vyombo kwenye pikapu nikaenda nayo kijijini, karibu na Pap Onditi, ambako Baba na Mama walikuwa wametangulia. Masanduku nikayaficha kwa jirani. Mama nilimwambia kutakuwa na wageni kidogo. Alitayarisha chakula cha watu kumi, nami sikuwa na ujasiri wa kusema zaidi.

Usiku mvua ilinyesha, na udongo wetu mweusi ukilowa haupitishi gari. Basi liliachwa barabara kubwa. Jumamosi kama saa nne asubuhi niliwasikia kabla ya kuwaona, kilio kikija kutoka njia ya sokoni, kikipanda, na sauti ya shangazi yangu wa Sondu juu ya nyingine zote: "Wololo yaye! Ndugu yangu ameniacha na nani!" Walikuwa watu sitini au zaidi, matope hadi magotini, wanawake na vikapu vya unga na sufuria vichwani, wanaume wakimvuta fahali, na mbele kabisa Tuba amevaa tai nyeusi, amebeba suti mpya kwenye mfuko wa plastiki.

Baba alikuwa uani, ameipa njia mgongo. Alikuwa anamtengenezea jirani sanduku. Tai-tai-tai, nyundo inaenda. Kilio kimeingia langoni, shangazi amejitupa chini, na Baba anagonga bati lake bila habari yoyote.

Kilio kilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma. Wa mbele wameona, wa nyuma bado wanalia, kisha nao wakanyamaza. Kijana mmoja wa Nairobi aligeuka akakimbia hadi kwenye basi na hakurudi mpaka chakula kilipoiva. Ikabaki nyundo peke yake. Baba alimaliza upande ule, akaweka nyundo chini, akajinyoosha mgongo, akageuka.

Alitazama umati. Akatazama fahali. Akamtazama dada yake chini kwenye matope, na uso wake ukabadilika kwa hofu.

"Ng'a motho?" akauliza. Nani amekufa?

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kwani nani amekufa kwa boma yangu na mimi sijui?" Macho yote yakanigeukia mimi. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku hiyo, na vile ilivyokuwa imelowa ingeweza. Nikaenda hadi kwa Baba, nikakaza mdomo kwenye sikio lake la kulia, lililokuwa na nafuu, nikapiga kelele:

"Ni wewe, Baba!"

Alinitazama. "Mimi?"

"Wewe!"

Alifikiri. Akajigusa kifua, taratibu, kama anapima bati. Kisha akaanza kucheka, na Baba akicheka alikuwa anacheka na mabega, na Mama akamwona akaanza pia, na shangazi akiwa bado chini akaanza kumtukana kwa kufufuka bila kumwambia. Tuba peke yake hakucheka. Alinijia na tai yake.

"Wewe Matoazi, wewe! Mimi nimeita harambee! Nimetangazia ofisi mzima!"

"Nilikuandikia yuko hai!"

"Sasa nani huandika ati mtu yuko hai? Mtu akiwa hai si ako tu hai!"

Tromboni alituamua. Alikuwa bado na lebo ya ndege kwenye begi. "Tuba, wacha," alisema. "Mimi niliomba hiyo likizo miezi saba. Ningemwambia bosi ni masikio, angenipea? Amenipea juu ya maiti. Mimi namshukuru maiti."

Akatia mkono mfukoni akatoa mdomo wa tromboni, umefungwa kwenye kitambaa cha hoteli. Tarumbeta ya Pili akatoa wake, hata Tuba akautoa wake. Mwalimu wa Bondo alikuwa na wake shingoni, kwenye uzi. Ngoma Kubwa alikuwa ameshika rungu tangu sokoni, tumedhani ni la kumwongozea fahali. Baba aliviona vile vipande mikononi mwao. Hapo ndipo alipoacha kucheka.

Tuliyaleta masanduku. Baba akaletewa kigoda, tukamweka katikati, sisi tumemzunguka karibu kiasi kwamba tuba ilimgusa bega. Waombolezaji wakakaa walipoweza. Tuba akahesabu, tukaanza ule wimbo ambao tulikuwa tumegombania kwa barua mwaka mzima na kuishia pale pale tulipoanzia.

Alifumba macho. Ubeti wa kwanza wote uso wake haukusema kitu. Nilikuwa nagonga matoazi huku namwangalia, na nilianza kuogopa. Tumechelewa, nilijiambia. Nimemfanya mtu avuke bahari, nimelilisha udongo basi zima, na mzee wa watu anaona midomo tu. Mikono yangu ilikuwa inagonga yenyewe. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, Tarumbeta ya Kwanza akaingia, Tromboni akaingia, na nyuma yao kidogo, palepale pa siku zote, akaingia mtu aliyekuwa anafunga kamba za viatu.

Baba alifumbua macho.

"Pili!" akapiga kelele. "Umechelewa!"

Mpaka leo sijui tuliumalizaje wimbo. Tarumbeta ya Pili alishindwa kupuliza, machozi yote aliyoyaleta kwa ajili ya matanga yakamtoka hapo, na Mama alikuwa anapiga vigelegele na mwiko juu. Tulipiga kila tulichokijua mpaka midomo ikavimba. Fahali alichinjwa, maana alikwisha kuja. Yule mtu wa Nairobi nisiyemjua alikuwa amechapa maisha ya marehemu kurasa nne, Baba akaamuru yasomwe, akiwa amekaa mbele na mkono nyuma ya sikio, akasahihisha sehemu tatu. Suti ya kuzikwa ilimtosha vizuri. Aliivaa kanisani kila Jumapili, na mtu akiisifu alimwambia imetoka wapi.

Kundi letu halikuvunjika baada ya hapo. Lile basi la Nairobi liliomba liingizwe, halafu wa Kericho, halafu watoto wao waliosoma ng'ambo, mpaka Madam akanipa kisanduku kizima cha ukutani kwa ajili yetu. Tulitafutiana kazi humo, tulioana humo, tuligombana humo kuliko yote. Sheria ilikuwa moja, aliitunga Ngoma Kubwa kutoka Sondu kwa penseli: mtu akiandika kwamba mzazi ni mgonjwa, lazima aeleze mgonjwa amekula nini siku hiyo. Kwa hiyo utasoma, "Mama ana malaria, amekula ugali na omena na kuomba nyongeza," nawe unalala kwa amani. Siku mtu alipoandika bila chakula, tulielewa, tukafunga mizigo.

Masikio ya Baba yalifunga kabisa kabla ya Pasaka iliyofuata. Nilizoea kumchapia barua za kundi kwa herufi kubwa, akazisoma barazani na miwani, akicheka na mabega. Siku moja nikamwandikia kwenye karatasi swali ambalo lilikuwa linanisumbua: katika sauti zote, ni ipi bado anaikumbuka sawasawa? Nilidhani atasema Mama, au nyundo.

"Pili akichelewa," alisema, kwa nguvu mno, kama kawaida yake. Kisha akaniamuru niwaandikie wote, nimwambie kijana yule asithubutu kujirekebisha.

Niliipeleka mchana uleule. Tuba alijibu jioni ileile, na Tromboni kesho yake. Pili alijibu kutoka Kampala siku ya tano: "Asante, Mzee. Samahani kwa kuchelewa."